Nafasi ya Vigae

Kontrakta hakuingia nyumba ya mtu kama sisi wengine tunavyoingia. Alisimama mlangoni, akagonga kizingiti kwa kisigino, akasikiliza, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ndimu, akainama na kuiweka sakafuni. Ndimu ikitulia, alisema "Hodi." Ikibiringika, alisema "Hodi" vilevile, ila kwa sauti ya mtu anayeingia kumwona mgonjwa. Wenye nyumba walimzoea. Watoto wa Busia nao walijua kwamba mzee huyu akija, mmoja wao atatumwa chini ya kabati kutafuta ndimu.

Mimi ni seremala. Yeye alikuwa mtu wa sakafu, mimi mtu wa milango, na hizo ni kazi mbili ambazo hazijawahi kupendana. Mlango wangu unaishia pale sakafu yake inapoanzia. Pakiharibika hapo katikati, mwenye nyumba hajui amlaumu nani, kwa hiyo anatulaumu sisi wote, nasi tunalaumiana. Nimelaumiana na Kontrakta tangu kabla ya Uhuru, na baada ya Uhuru tukaendelea palepale tulipoachia.

Hilo jina la Kontrakta alijipa mwenyewe. Hakuwa na kampuni, hakuwa na lori, hakuwa na ofisi. Alikuwa na karai, mwiko, kamba, na pima maji ambayo kioo chake kilikuwa na ufa, hata kiputo cha ndani akakisoma yeye peke yake. Ukimwita "fundi" aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni fundi gani anayeitwa. Hakuwa mpole hata kidogo. Alijisifu asubuhi, alijisifu jioni, na mchana akiwa anakula alikusifia kazi yake ya zamani. Koti lake moja la kijivu alilivaa juani na mvuani, na alikuwa akiweka simiti mfukoni mwake bila haya, upande wa pili wa ndimu.

Kanuni yake ilikuwa moja, nasi tuliisikia mpaka tukaichoka. Alisema nyumba hupimwa kuanzia sakafu iliyokwisha, si ile unayoiona. Kuta zikishafika kifuani, kabla ya fremu ya mlango hata moja kusimamishwa, alikuja na kamba iliyopakwa mkaa akapiga mstari mweusi kuzunguka vyumba vyote. Kila kitu kilipimwa kutoka kwa mstari huo kwenda chini: hapa itakuwa simiti tupu, pale itakuwa simiti ya rangi nyekundu, kule kuna mtu anataka vigae, na kigae kina unene wake, na chini ya kigae kuna mchanga na simiti ya kukishika, nayo ina unene wake. Ukijumlisha ndipo unajua mlango uishie wapi. Usipojumlisha, utauning'iniza mlango mzuri, halafu siku ya vigae haufunguki.

"Wewe unapima mlango wa leo," aliniambia. "Mimi napima mlango wa siku ile."

"Siku gani?"

"Siku ile watu watahamia."

Kule Amukura kulikuwa na mwenye duka aliyedhani haya ni maneno ya kujaza siku. Akamwaga sakafu ya duka mwenyewe, nene, safi, akiwa amefunga mlango kuku wasikanyage. Alitokea dirishani akaenda kulala akiwa na furaha. Sakafu ilipokauka, mlango ulikuwa unafungukia ndani, na huko ndani kulikuwa kumepanda. Ukagoma. Mwenye duka akauza sukari kupitia dirishani mpaka tulipoitwa. Kontrakta akachungulia, akarusha ndimu ndani, akaiangalia ikitulia. "Sakafu ni nzuri sana," akasema. "Mlango ndio ulikuja mapema." Kisha akanigeukia mimi, akaketi juu ya gunia, akanitazama nikikata.

Tulipopata Uhuru, jukwaa la wakubwa lilijengwa haraka haraka uwanjani. Kontrakta hakuwa amealikwa kulijenga, na jambo hilo lilimuuma. Alipanda kabla D.O. hajafika, akaweka ndimu katikati ya viti. Ndimu ikaenda polepole mpaka ukingoni, ikaanguka kwenye majani. Akashuka akaja kusimama karibu nami. "Jukwaa limelalia Uganda," akasema, kisha akapiga makofi pamoja na watu wote mpaka mwisho wa hotuba.

Kanisani alipiga magoti muda mrefu kuliko mapadri. Wamama walimsifu. Waliwaambia waume zao, mtazameni Kontrakta, anainamisha kichwa mpaka shavu linagusa chini. Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma yake na niliona jicho lake liko wazi. Alikuwa anaangalia sakafu inavyoelekea madhabahuni. Nilipomuuliza akasema kuomba na kuangalia vyote vinataka utulivu, na kwamba upande wa kwaya umebonyea.

Mtu huyo huyo, jamani, alitembea upande. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelika kisigino, na alipokuja barabarani ulidhani anasukumwa na upepo. Nikamwambia, leta nikupigilie kipande cha mvule, kitakaa sawa. Akanijibu kwamba yeye si sakafu. Nikaacha.

Na nyumbani kwake, huko Chakol, hapakuwa na chembe ya simiti. Mkewe alikuwa mama wa Kiteso, mnene, mcheshi, na sakafu yake ilikuwa ya udongo aliyoisiliba kwa mavi ya ng'ombe kila Jumamosi. Aliisiliba kwa kiganja, akirudi nyumanyuma, akaacha alama za vidole zilizopinda vizuri mpaka ukaogopa kukanyaga. Sakafu inayosilibwa kila wiki hupanda. Huwezi kuona ikipanda, lakini mlango huona. Kila baada ya mavuno niliitwa kukata mlango wa Kontrakta kwa chini, na kila nilipoukata nilimcheka.

"Kontrakta, mstari wako uko wapi hapa?"

"Hii si sakafu," akasema huku akinywa chai yake yenye sukari ya kusimamisha kijiko. "Hii ni ya mama."

"Na ya mama haipimwi?"

"Muulize mwenyewe."

Mama akacheka kutoka jikoni. Akanisalimu kwa Kiteso, "Yoga, seremala. Kata tu. Huyo alijaribu kuleta ile ndimu yake hapa wakati mmoja, nikaikamulia kwa samaki." Kontrakta hakukana.

Sasa nije kwa ile nyumba ya Busia, maana ndiyo iliyonifanya nimjue.

Palikuwa na mama muuza samaki, mjane, aliyekuwa akikaanga ngege karibu na njia ya kwenda mpakani. Madereva wa malori walimjua kutoka Mombasa mpaka Kampala. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanaume, aliyevuka kwenda Uganda akapata kazi Jinja katika duka la vifaa vya ujenzi. Mama aliposema anataka kujenga nyumba ya kudumu, kijana alikuja siku moja akiwa amevaa shati jeupe, akafungua gazeti mezani, ndani kukawa na kigae kimoja. Chekundu, kizito, kimeng'aa. Akasema sebule ya mama yake itakuwa na vigae kama hicho kutoka ukuta hadi ukuta, na yeye mwenyewe ndiye atakayevileta. Mama akakishika kile kigae kwa mikono miwili. Nilikuwepo. Alikuwa na mafuta ya samaki mikononi, akakifuta kwa kanga yake, kisha akakifuta tena.

Kontrakta alikichukua, akakipima kwa kidole, akakipima kwa futi, akakinusa. Halafu akaenda akapiga mstari wake. Vyumba vya kulala vikapata simiti tupu. Sebule ikaachwa chini, inchi moja na nusu, nafasi ya kigae na mchanga wake. Mimi nikaambiwa niukomeshe mlango wa sebule pale vigae vitakapofika, na nikafanya hivyo kwa sababu niliambiwa.

Vigae havikuja.

Mama alihamia. Mvua ikaja ikaisha. Kijana alituma salamu kupitia dereva, kisha dereva mwingine, kwamba vigae viko njiani. Baadaye salamu zikawa za kumsalimu mama tu. Baadaye zikakatika kabisa. Na sebule ikabaki shimo, unashuka kuingia na unapanda kutoka, na mlango wangu ukabaki unaning'inia juu na mwanya chini yake ambao watu walisema kuku angepita bila kuinama sana. Vifaranga walipita. Panya alipita. Ukikaa ndani uliona miguu ya wageni kabla hawajabisha, ukajua ni nani kwa viatu.

Busia nzima iliona mwanya ule na Busia nzima ikadhani ni wangu. "Seremala," waliniita sokoni, "ule mlango umeushonea kaptula?" Mtu mmoja wa Malaba aliyetaka milango ya nyumba ya kulala wageni aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama huwa natengeneza pia ile inayofika chini. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nikachukua ubao, msumari na nyundo, nikaenda kwa mama muuza samaki niuzibe mwanya ule nimalizane na aibu.

Nikamkuta Kontrakta ameshafika. Alikuwa na desturi hiyo, na ndiyo watu waliyomwitia mwenda wazimu. Alikuwa akikiweka kile kigae cha mfano ndani ya koti, na kila mvua mpya ikianza alikuja, akakisukuma chini ya mlango uliofungwa, kikapita sawasawa bila kugusa, akasema "Bado inatosha," akanywa chai, akaenda. Nilimkuta amepiga magoti na kigae mkononi.

"Toka," nikamwambia. "Napigilia ubao."

"Huupigilii."

"Kontrakta, watu wananicheka!"

"Wacha wacheke." Akasimama, akanivuta nje kwa mkono, mbali na jiko. Mama alikuwa anageuza samaki, mgongo wake kwetu. "Ukipigilia huo ubao," akasema kwa sauti ndogo, "umemwambia yule mama kwamba mtoto wake harudi. Wewe ndiye utamwambia? Kwa msumari?"

Nikamtazama mama. Aligeuza samaki, akaangalia barabara ya Uganda, akageuza mwingine. Alifanya hivyo kila siku, ni vile tu sikuwa nimetazama. Nikarudi na ubao wangu. Njiani nikakutana na mtu akaniuliza habari ya kaptula, nikamwambia ajinyamazie.

Kutoka siku hiyo nilikuwa upande wa Kontrakta, ingawa sikumwambia, maana angelijisifia. Mwaka ule mama alileta wageni fulani, na mzee mmoja kati yao akashuka sebuleni bila kujua, akaanguka na kikombe. Mama akatuita wote wawili. Akasema amechoka, sebule ijazwe simiti, basi. Kontrakta akamkatalia. Mwenye nyumba anataka sakafu yake ijazwe, na mtu aliyeijenga anasema hapana! Sijaona kitu kama hicho tena.

"Mama," akasema, "nikijaza, vigae vikija vitakaa wapi?"

Mama akageukia barabara ya Uganda. Kisha akasema, "Lete chai basi," akimwambia binti wa jirani. Hakulitaja tena. Nilimwona akifuta macho kwa pindo la kanga, akasema ni moshi, na jiko lilikuwa limezimwa.

Sasa sikilizeni lililotokea Malaba.

Tulikuwa na kazi huko, duka la mfanyabiashara mmoja, yeye sakafu na mimi milango, tunagombana kama kawaida. Lori likaja kutoka Tororo na simiti. Vibarua wakaanza kushusha magunia, weupe kwa vumbi kuanzia kichwani, hutofautishi huyu na yule. Kontrakta akawa anayahesabu magunia kwa sauti, mara akaacha. Kibarua mmoja alikuwa amemwona, akazunguka nyuma ya lori na gunia lingali mgongoni.

Kontrakta akamfuata kwa mwendo wake ule wa upande. Nami nikafuata. Yule kijana alikuwa amesimama kati ya gurudumu na ukuta, hana pa kwenda. Alikuwa mtoto wa mama muuza samaki.

"Tua hiyo gunia," Kontrakta akamwambia.

Akatua. Akasema, "Shikamoo mzee," akatazama chini. "Vigae sijapata."

"Nani amekuuliza vigae?"

"Jinja niliachishwa zamani. Nimekuja Tororo, nabeba. Nilisema nitapata kidogo kidogo." Alijifuta uso, vumbi likawa tope. "Singeweza kuja mikono mitupu, mzee. Kila dereva akipita hapa ananiambia, nimekula samaki kwa mama yako, bado anangojea vigae. Mlango bado uko juu. Kuna mzee anakuja kupima. Nikisikia hivyo nitaingiaje? Mlango mzima unaniuliza."

Malaba na Busia si mbali. Dereva akinywa chai Malaba, akifika Busia bado ina joto tumboni. Mama alikuwa akitazama barabara, na mtoto alikuwa hapo tu kwenye barabara hiyo hiyo, anaogopa mwanya chini ya mlango.

Kontrakta alimshika bega, vumbi likapanda, akarudi dukani akakusanya vitu vyake, kazi ikiwa nusu.

Tulirudi kwa baiskeli yangu, mimi napiga pedeli, yeye nyuma kwenye keria. Siku zote akikaa pale aliikosoa barabara: hapa wameinua, hapa wameshusha, aliyejenga daraja hili afungwe. Siku hiyo alinyamaza njia nzima, nikawa nageuka kuona kama ameanguka. Tulipokaribia Chakol akasema jambo moja tu, "Mimi nilidhani nimemwekea nafasi."

Kwake ilikuwa Jumamosi. Mkewe alikuwa magotini, anasiliba. Kontrakta akasimama mlangoni, hakugonga kizingiti, hakutoa ndimu. Akamtazama mpaka mkewe akaona vibaya.

"Kuna nini?"

"Hii yako," Kontrakta akasema, "unaweza kuipandisha inchi moja na nusu kwa siku moja? Juu ya simiti?"

Mama akaketi kwa visigino. Akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mganga. "Ni yeye anauliza?"

"Ni yeye."

"Anaumwa?"

Alipoambiwa habari yote, hakucheka tena. Alisema udongo wa kawaida utapasuka juu ya simiti. Unataka udongo wa kichuguu, upondwe, uchanganywe na mavi ya ng'ombe aliyekula majani mabichi, na simiti ikwaruzwe kwanza ili ishike. Alisema hayo akinawa mikono. Kontrakta alisikiliza na kuitikia kwa kichwa. Sikuwahi kumwona akiitikia sakafu ya mtu mwingine.

Kumwambia mama muuza samaki ndiko kulikuwa kugumu. Kontrakta alilifanya mwenyewe, amesimama mbele ya karai la mafuta, kofia mkononi.

"Mama, nimemwona."

Kijiko kikasimama. "Wapi?"

"Malaba. Anabeba simiti kutoka Tororo."

"Amekonda?"

"Amejaa vumbi. Sikuona."

"Mbona haji?"

Hapo nikadhani atasema uongo. Kontrakta alikuwa na maneno mengi, angeweza kupata moja. "Anaogopa nafasi ya vigae," akasema. "Ile niliyoiacha mimi."

Mama akamtazama, samaki wakiungua. "Wewe na ndimu yako!" akafoka, sauti ikafika barabarani. "Wewe na mstari wako! Mimi nimekaa na shimo ndani ya nyumba kwa ajili ya mtoto, kumbe shimo ndilo linamfukuza! Vigae nitakula mimi?" Alilia waziwazi, akimpiga Kontrakta kwa kanga begani, na Kontrakta akasimama akapigwa. Alipochoka akasema, "Jaza. Jaza leo."

Haikuwa leo, ilikuwa kesho yake. Mke wa Kontrakta alikuja na wanawake wa Chakol, na mama muuza samaki akafunga jiko lake, jambo lililowashangaza madereva kuliko vita. Mimi niliponda kichuguu kama kibarua wa kawaida, hakuna aliyenionea huruma. Kontrakta aliukwangua ukuta, akautafuta mstari wake wa zamani chini ya chokaa, akaanza kueleza ni wapi sakafu inapotakiwa kufika. Mkewe akamwambia asogee, anazuia mwanga. Akasogea.

Wanawake wawili, mke wa Kontrakta na mama wa nyumba, walisiliba wakirudi nyuma kutoka ukuta wa mbali hadi mlangoni, bega kwa bega, wakiongea kila mtu kwa Kiswahili chake. Walipofika mlangoni, ikabaki nafasi ndogo. Kontrakta akafungua koti, akatoa kile kigae chekundu, akakilaza hapo kizingitini kwa simiti yake mwenyewe, usawa mmoja na udongo wote. Nikafunga mlango. Ulipita juu yake bila kugusa, na chini hapakuwa na mwanya. Kifaranga mmoja alikuja, akagonga mdomo kwenye ubao, akaenda zake.

Kontrakta akaweka ndimu. Ikabiringika mpaka pembeni, ikakaa hapo. Akaiokota, akaitia mfukoni.

Tulimtumia kijana salamu kwa taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori la pamba. Hatukumtuma aseme kijana amesamehewa au arudi. Kontrakta alimwambia aseme hivi: sakafu imekwisha, mlango unafunga.

Alikuja siku ya soko, na mkungu wa matoke begani, kwa kuwa mtu hawezi kuja mikono mitupu kabisa. Alisimama nje. Sisi wawili tulikuwa chini ya kivuli cha mabati, tunajifanya tunajadili bawaba. Niliona macho yake yakienda chini kabisa, pale mwanya ulipokuwa, yakakaa hapo. Mama yake alifungua. Wakatazamana. Nikajua sasa mama atalia, au atafoka.

"Vua viatu," akasema. "Sakafu haijakauka."

Akavua. Akakanyaga kigae chake, akaingia. Kontrakta akanipiga kiwiko mbavuni, akaniambia bawaba zangu zinalia. Mimi nilisikia mtu mwingine akilia, lakini nikamwachia.

Kijana hakurudi Tororo. Alikuwa akileta samaki kutoka ziwani kwa baiskeli na kumkaangia mama yake. Vigae vingine havikuwahi kununuliwa, na sikumsikia mtu akivitaja. Kontrakta alijenga sakafu nyingine nyingi akajisifia zote. Hiyo ya Busia hakuitaja katika kujisifu kwake, hata mimi nilipomchokoza.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa palepale, mwishoni mwa miaka ile ya sitini. Nilikuwa nimeitwa na mama muuza samaki, maana mlango ulikuwa umeanza kukwaruza. Kontrakta alikuja kula samaki. Macho yalikuwa yamekwenda, ukungu mtupu, na mkewe alimshika mkono. Kiatu kilikuwa kile kile. Alipofika kizingitini akainua mguu, akaushusha taratibu, akatafuta kwa kidole.

"Kigae kiko wapi?"

"Kiko hapo, mzee," kijana akamwambia. Alikuwa ameshikilia mlango ili niupime. "Kiko chini kidogo."

Kontrakta akavua kiatu, akapapasa kwa mguu mtupu. Kigae kilikuwa ndani ya shimo lake, udongo umekizunguka na kukipita kwa upana wa kidole. Uso wake ukabadilika. "Kimezama," akasema. "Sikukishindilia vizuri."

"Hakijazama," mama muuza samaki akamwambia kutoka ndani. Alikuwa magotini, mikono imejaa udongo, ilikuwa Jumamosi. "Ni sakafu imepanda. Tunaisiliba kila wiki, si watu wanakaa humu?"

Kontrakta akasimama hapo na mguu wake shimoni. Niliona anaona aibu, halafu niliona anafurahi, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Mkono ukaingia mfukoni, nikangoja ndimu, ukatoka mtupu.

"Seremala," akasema, "unangoja nini? Kata mlango."

Nikaukata.